Mvinyo wa miaka saba: hesabu za ghala la Ghazir

Mfanyabiashara anayenunua mahindi wakati wa mavuno na kuyashikilia hadi bei ipande hujihesabu kuwa mtu wa subira. Miezi sita ikimpita bado ana mzigo, usingizi unampungua: riba ya benki haingoji, panya hawana likizo, na bei yenyewe inaweza kumgeuka. Katika mji wa Ghazir, ulioko mlimani kaskazini mwa Beirut huku ukitazama Bahari ya Mediterania, ipo kampuni ya familia ambayo mzigo wake mkuu hukaa ghalani hadi mwaka wa saba ndipo chupa ya kwanza iingie sokoni. Kampuni hiyo imeuza kwa mtindo huo kupitia vita ya wenyewe kwa wenyewe ya miaka 15 na kupitia sarafu ya nchi kuporomoka mara mbili. Bado iko hai, na bidhaa yake inaagizwa London, Paris na New York.

Bidhaa yenyewe ni mvinyo mwekundu wa Chateau Musar. Kampuni ilianzishwa mwaka 1930 na Gaston Hochar, kijana wa miaka 20 aliyekuwa ametembelea Bordeaux, Ufaransa, akarudi kwao Lebanoni na shauri la kutengeneza mvinyo wa aina ile. Nchi wakati huo ilikuwa chini ya utawala wa Ufaransa, na maofisa wa jeshi la Ufaransa walikuwa wateja wa uhakika. Mashamba ya zabibu yako Bonde la Bekaa, upande wa pili wa Mlima Lebanoni, kiasi cha mita 1,000 juu ya usawa wa bahari. Ghala na matangi yako Ghazir, upande wa bahari. Inaelezwa kwamba Gaston hakutaka kujenga Bekaa kwa sababu katika miaka ile haikuwa wazi mpaka na Syria ungekuja kupita wapi. Kwa mfanyabiashara lilikuwa wazo la busara, lakini gharama yake ilikuja kulipwa na mwanawe miaka zaidi ya 40 baadaye.

Mwana huyo, Serge Hochar, alisomea uhandisi wa ujenzi kwanza, kisha akaenda Chuo Kikuu cha Bordeaux kujifunza elimu ya mvinyo kwa walimu wakubwa wa fani hiyo, akiwamo Émile Peynaud. Alishika utengenezaji mwaka 1959. Mdogo wake, Ronald, alichukua upande wa fedha na masoko mwaka 1962. Mgawanyo huo wa kazi ndio uliosaidia kampuni kuishi, kwani Serge alikuwa mtu wa kuacha mambo yaende yenyewe, na mtu wa namna hiyo anahitaji ndugu anayejua kusoma mizania.

MIFUPA YA MVINYO

Wanywaji wa mvinyo husema mvinyo fulani una mifupa na mwingine hauna. Mwenye ladha ya kiafrika ataelewa haraka akikumbuka bibo la korosho. Ukiliuma, utamu unakuja kwanza, halafu mdomo mzima unakauka na ulimi unakwaruza. Ule ukakasi ndio tanini. Uko kwenye chai ya rangi iliyosahauliwa jikoni, uko kwenye ndizi mbichi, na uko kwenye ganda na mbegu za zabibu. Mvinyo mwekundu hupata rangi na ukakasi wake kwa sababu maji ya zabibu huchachuka yakiwa pamoja na maganda. Mvinyo mweupe kwa kawaida hukamuliwa kwanza, maganda yakatupwa, na ndiyo maana hauna mifupa ya aina hiyo.

Ukakasi ukichanganyika na uchachu na kilevi cha kutosha, mvinyo unaweza kuhimili miaka mingi bila kuharibika. Vijitanini vidogo huungana polepole vikawa vikubwa, vingine vikazama chini ya chupa kama mashapo, na kinywaji kilichokuwa kikali kikawa laini. Ukiwa na umri wa mwaka mmoja mvinyo wa namna hii haunyweki kwa raha. Ukiwa na miaka kumi watu wanaugombania mnadani. Katikati ya siku hizo mbili kuna gharama, na swali la kibiashara ni nani anayeibeba: mzalishaji, muuzaji wa jumla au mlaji.

Bordeaux ililitatua swali hilo zamani kwa kumsukumia mnunuzi. Mvinyo wa mashamba makubwa ya huko huuzwa ungali ndani ya mapipa, miezi michache tu baada ya mavuno, na mnunuzi analipa leo ili apokee chupa baada ya miaka miwili, kisha azilaze kwake anavyotaka. Mzalishaji anapata fedha mapema, riba inakuwa mzigo wa mtu mwingine. Musar ilikwenda kinyume. Yenyewe ndiyo inayolaza.

Mvinyo wake mwekundu unatokana na aina tatu za zabibu. Cabernet Sauvignon ndiyo mifupa. Carignan inaleta rangi na uchachu. Cinsault inaleta harufu na ulaini. Kila aina inachachushwa peke yake katika matangi ya saruji, halafu inakaa mwaka mmoja katika mapipa ya mti wa mwaloni kutoka Ufaransa. Miaka miwili baada ya mavuno zinachanganywa. Mwishoni mwa mwaka wa tatu mchanganyiko unatiwa chupani, na chupa zinalala ghalani miaka mingine minne. Ndipo jumla inafika saba.

Inasemwa kuwa Serge alitumia miaka 18, kuanzia 1959 hadi 1977, kutafuta mchanganyiko aliouridhia. Ni muda ambao mwenye hisa wa kawaida asingeuvumilia, lakini hii haikuwa kampuni ya hisa za watu wa nje.

MKONO MWEPESI

Kinachoitofautisha Musar na viwanda vingi ni kile ambacho haikifanyi. Kiwanda cha kawaida kinanunua chachu iliyokuzwa maabara, kwa sababu tabia yake inajulikana: inaanza kazi siku fulani na kumaliza siku fulani. Musar inaiachia kazi hiyo chachu ya asili inayokuja na zabibu zenyewe kutoka shambani. Kiwanda cha kawaida kinasafisha mvinyo kwa ute wa yai au udongo maalumu unaovuta chembechembe, kisha kinauchuja mpaka ung'ae kama kioo. Musar haisafishi kwa namna hiyo na haichuji. Salfa, ambayo ndiyo kinga dhidi ya vijidudu na dhidi ya hewa, inatumika kwa kipimo kidogo tu. Shambani nako, mizabibu ilithibitishwa kuwa ya kilimo hai mwaka 2006, ingawa kwa hali ya Bekaa, yenye jua kali, kiangazi kikavu na usiku wa baridi, magonjwa ya ukungu si tishio kubwa kama ilivyo Ufaransa. Uvunaji ni wa mikono, na wafanyakazi wengi ni Mabedui wanaoingia shambani alfajiri kabla ya jua kushika.

Mtu anaweza kudhani kwamba kutofanya ni kubana matumizi. Kwa upande mmoja ni kweli: mashine ya kuchujia haihitajiki, chachu ya dukani hainunuliwi. Lakini mashine na madawa hayo katika biashara ya mvinyo ni kama bima. Mwenye bima analipa kila mwaka na analala. Asiyelipa anabaki na fedha yake pamoja na wasiwasi wake. Mkono mwepesi si mkono mvivu, kwa kuwa mtu aliyejinyima dawa inambidi aonje kila tangi na kila pipa, na awe tayari kusubiri pale ambapo mwenzake angeingilia kati na kumaliza shauri kwa siku moja.

Hatari yenyewe ina jina ambalo kila jiko linalijua, nalo ni siki. Katika mvinyo wowote kuna bakteria ambao wakipata hewa hugeuza kilevi kuwa asidi ya siki. Salfa inawazuia. Ukipunguza salfa, unawapa nafasi. Mvinyo wa Musar umekuwa ukisemwa kwa hilo tangu zamani: wapo wataalamu wanaonusa bilauri na kusema una asidi ya siki kupita kiasi na kwamba mwanafunzi wa chuo cha mvinyo angefelishwa kwa kosa hilo. Wapo wengine wanaosema ndiyo inayouinua na kuupa harufu yake isiyofanana na ya mwingine. Serge mwenyewe hakuomba radhi. Kwake mvinyo ulikuwa kitu hai, na kitu hai kina kasoro.

Ubishi huo una upande wa kisheria pia. Umoja wa Ulaya umeweka kikomo cha asidi hiyo kwa mvinyo mwekundu wa kawaida, kiasi cha gramu 1.2 kwa lita. Mzigo ukizidi hapo hauna ruhusa ya kuuzwa. Kwa mtu ambaye amelaza mtaji miaka saba na anategemea wanunuzi wa nje, kucheza karibu na mstari huo si jambo la falsafa tu.

Kasoro nyingine ni kwamba chupa hazifanani. Mnunuzi anaweza kufungua mbili za mavuno ya mwaka mmoja, kutoka sanduku moja, akakuta moja imechangamka na nyingine imenuna. Mwenye duka kubwa la vyakula, anayetaka kila chupa ilingane na nyingine kama soda, hawezi kuvumilia hilo. Hivyo njia ya kuuza ikabaki kwa wauzaji wadogo, mikahawa na watu wanaojua wanachonunua. Huenda hilo lilikuwa jema kwa bei.

MTAJI ULIOLALA

Hesabu ya kulaza si ngumu, ila inatisha. Mtu akiweka shilingi 100 ndani ya chupa na benki ikimtoza riba ya asilimia 10 kwa mwaka, baada ya miaka saba chupa ile inamgharimu shilingi 195 kabla hajaiuza. Riba ikiwa asilimia 15, inamgharimu 266. Ikiwa asilimia 20, inafika 358. Kwa uhalisi gharama hazitoki zote siku moja, kwani chupa, vizibo na lebo vinakuja baadaye kuliko zabibu, lakini picha ni hiyo. Aidha, mzalishaji anayeuza mavuno ya mwaka mmoja kila mwaka analazimika kuwa na mavuno ya miaka sita au saba ndani ya ghala kwa wakati mmoja. Wakati anapouza moja, nyingine zote zinakula nafasi, bima na riba.

Kwa sababu hiyo mtindo wa Ghazir hauwezekani kwa mkopo wa kawaida. Unawezekana kwa fedha za mwenye mali mwenyewe, ambaye baba yake alikwisha lipa gharama za mwanzo na ambaye watoto wake ndio watakaouza anacholaza yeye. Kampuni pia inabakiza sehemu ya kila mavuno na kuiuza miaka mingi baadaye kwa bei ya juu. Ghala lina chupa zilizowekwa tangu miaka ya 1950. Mhasibu angesema ni mzigo uliokwama. Familia inaona ni akiba.

Mkulima wa zabibu wa Dodoma, naye akiwa kwenye uwanda wa juu wenye kiangazi kirefu, yuko upande mwingine kabisa wa hesabu hii. Anavuna mara mbili kwa mwaka, zabibu zake haziwezi kungoja hata wiki, na kilio chake cha miaka mingi kimekuwa mnunuzi asiyefika kwa wakati. Kwake hata siku saba ni hasara, sembuse miaka.

Musar haikuwa na ukaidi kiasi cha kukataa fedha za karibu. Ipo chupa ya pili, Hochar Père et Fils, inayotoka sokoni mapema kuliko kaka yake. Ipo ya tatu, Musar Jeune, ambayo haiguswi na pipa na inauzwa ingali changa. Hizo mbili hulipa mishahara na umeme wakati nyekundu kubwa imelala. Ni jambo linaloandikwa kwa uchache katika makala za sifa, lakini bila ya chupa hizo za bei nafuu ni vigumu kuona ile ya miaka saba ingejitegemea vipi.

LORI LILIPOKWAMA

Vita ya wenyewe kwa wenyewe ilianza mwaka 1975. Soko la ndani, lililokuwa likinunua karibu kila kitu, likafa. Mwaka 1976 hakukuwa na mvinyo kabisa. Mahali pale ambapo Gaston alijenga ghala kwa hadhari, upande wa bahari, sasa palikuwa ng'ambo ya mistari ya mapigano kutoka kwenye mashamba. Majeshi ya Syria yalikuwa Bekaa, wanamgambo wa vikundi mbalimbali walikuwa na vizuizi vyao barabarani, na safari ambayo wakati wa amani ni ya saa mbili hivi kwa lori ikawa safari isiyojulikana mwisho wake. Zabibu iliyokatwa haijui habari za vizuizi. Ikikaa juani, inapasuka na kuanza kuchachuka yenyewe.

Ndivyo ilivyotokea mwaka 1984. Lori zilizuiwa, zikazunguka njia ndefu kwa siku kadhaa, na zabibu zilipofika Ghazir tayari zilikuwa zimeanza kuwa mvinyo. Serge alizitia tangini hata hivyo. Kilichopatikana hakikuingizwa sokoni kwa kawaida kama mavuno mengine. Katika miaka yote 15 ya vita, 1976 na 1984 ndiyo iliyoacha pengo. Mingine yote ilitoka, na baadhi yake inahesabiwa kati ya mizuri kuliko yote.

Mwaka huohuo wa 1984 jarida la mvinyo la Decanter la Uingereza lilimtangaza Serge kuwa mtu wa mwaka, wa kwanza kupewa heshima hiyo. Heshima ilimkuta hana mavuno ya kuuza kutoka mwaka ule, lakini alikuwa na ghala. Hapo ndipo ile hesabu ya kutisha ya riba iligeuka upande wa pili. Mtengenezaji anayeuza kila anachovuna, mwaka mmoja ukiharibika, hana kitu. Mwenye mavuno sita ghalani anaweza kupoteza moja na mnunuzi wa nje asijue mpaka miaka saba ipite.

Njia ya kwenda Uingereza ilifunguka mwaka 1979 kwenye maonyesho ya mvinyo ya Bristol. Michael Broadbent, mkuu wa idara ya mvinyo wa kampuni ya minada ya Christie's na mtu ambaye neno lake lilikuwa na uzito wa fedha, aliuonja na kuutaja kuwa ugunduzi wa maonyesho yale. Hadi siku hiyo watu wachache wa London walijua kwamba Lebanoni inatengeneza mvinyo. Baada ya hapo ilibidi waufuate. Kampuni iliyokuwa ikitegemea meza za Beirut ikawa msafirishaji wa nje, na Uingereza ikawa soko lake kubwa la nje kwa miaka mingi.

Mabadiliko hayo yaliokoa zaidi ya mauzo. Mwaka 1982 dola moja ya Marekani ilikuwa chini ya pauni 5 za Lebanoni. Mwaka 1989, wakati ambapo mavuno ya 1982 yangekuwa yanatoka ghalani kwa utaratibu wa miaka saba, dola moja ilikuwa karibu pauni 500. Mfanyabiashara wa Beirut aliyeweka akiba yake benki kwa pauni alibaki na karatasi. Aliyekuwa ameigeuza zabibu, akailaza, kisha akaiuza London kwa fedha ya Kiingereza, alikuwa amelipa gharama kwa fedha ya zamani na kupokea kwa fedha ngumu. Haidhaniwi kwamba Serge alipanga hivyo. Yeye alitaka tanini ilainike. Lakini ghala lilifanya kazi ambayo benki kuu ilishindwa.

MARA YA PILI

Pauni ya Lebanoni ilifungwa kwenye 1,507.5 kwa dola mwishoni mwa miaka ya 1990 na watu wakazoea kana kwamba ni sheria ya maumbile. Vita ya Julai na Agosti 2006 iliharibu barabara, na kiwanda cha chupa cha Bekaa kilipigwa kwa mabomu, lakini mapigano yalisimama kabla mavuno hayajashika kasi na mvinyo wa mwaka huo ukatengenezwa. Serge alifariki tarehe 31 Desemba 2014 kwa ajali akiogelea nchini Mexico. Wanawe, Gaston na Marc, pamoja na binamu yao Ralph, waliendelea. Mtengenezaji Tarek Sakr, ambaye amekuwa kiwandani tangu 1991, alibaki na funguo za ghala, hivyo wanywaji hawakuonja mshtuko.

Mshtuko ulikuja mwaka 2019 kutoka upande wa benki. Kuanzia Oktoba mwaka ule mabenki ya Lebanoni yalizuia wateja kutoa dola zao. Pauni ikaanza kuanguka mitaani, na kufikia 2023 ilikuwa imepoteza zaidi ya asilimia 98 ya thamani yake. Serikali ilitambua kwanza kiwango cha 15,000 kwa dola mwezi Februari 2023, halafu 89,500 mwaka uliofuata. Tarehe 4 Agosti 2020 bandari ya Beirut ililipuka, watu zaidi ya 200 wakafa. Kwa watengenezaji wote wa mvinyo wa nchi hiyo pigo lilikuwa la pande mbili: walikuwa na watu wao mjini, na vitu vyao vya kazi vinatoka nje. Vizibo vinatoka Ulaya. Mapipa yanatoka Ufaransa. Chupa nazo, tangu kiwanda cha Bekaa kilipopigwa, ni za kuagizwa. Vyote vinataka dola ambazo benki haitoi.

Hapa tofauti kati ya mwenye soko la nje na asiye nalo ilionekana bila kificho. Viwanda vidogo, vilivyochipuka kwa wingi baada ya vita kuisha mwaka 1990, vilikuwa vikiuza zaidi katika mikahawa ya Beirut, na mikahawa ile ama ilifungwa ama ilikuwa ikilipa pauni zinazoyeyuka. Vingi vililazimika kutafuta mnunuzi wa nje kwa haraka, wakati ambapo mnunuzi anajua kwamba muuzaji amebanwa. Musar ilikuwa na wateja wa zaidi ya miaka 40 wanaolipa fedha za kigeni. Haikumaanisha starehe, maana umeme ni wa jenereta na dizeli inanunuliwa kwa dola, lakini mlango ulikuwa wazi.

Mavuno ya 2019 yenyewe ni mfano mzuri. Wavunaji walilipwa Septemba, dola ikiwa bado rasmi 1,507.5. Wiki chache baadaye mabenki yalifunga. Kwa utaratibu wa miaka saba, mvinyo huo umepangiwa mwaka 2026. Katikati hapo umepita mlipuko wa bandari, janga la korona na mapigano ya mwaka 2024 ambapo Bekaa ilipigwa kwa mabomu ya ndege za Israel hadi mapigano yaliposimamishwa tarehe 27 Novemba. Chupa hazikusogea. Zilikuwa zimelala Ghazir.

BEI NA MATUMIZI

Katika maduka ya Uingereza mvinyo mwekundu wa Musar wa mavuno ya karibuni ulikuwa ukipatikana kwa kati ya pauni 30 na 45 za Kiingereza mwaka 2024, kutegemea duka na mwaka wa mavuno. Kwa kinywaji kilicholazwa miaka saba kwa gharama ya mwenyewe, bei hiyo si kubwa. Mashamba maarufu ya Bordeaux yanadai mamia ya pauni kwa chupa ambayo mnunuzi bado atailaza mwenyewe. Sehemu ya bei haifiki Lebanoni. Uingereza inatoza kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 20, na tangu Agosti 2023 ushuru wa vileo unafuata kiwango cha kilevi, jambo ambalo linaiumiza mivinyo ya nchi za jua kama hii, ambayo hufika asilimia 14.

Mavuno ya zamani ni habari nyingine. Chupa za miaka ya 1970 na 1980 hutokea minadani kwa bei za juu, na huko mnunuzi anapaswa kuuliza zilikuwa zimehifadhiwa wapi. Mvinyo usiochujwa na wenye salfa kidogo hauvumilii joto. Chupa iliyolala miaka 30 kwenye ghala la Ghazir na iliyolala miaka 30 juu ya kabati la jikoni zina lebo moja, lakini si mali moja. Muuzaji asiyeweza kueleza historia ya hifadhi hana haki ya kudai bei ya mwenye ghala.

Anayenunua chupa ya kunywa aisimamishe siku moja kabla, mashapo yazame, kisha aimimine taratibu kwenye chombo kingine na kuacha kidole kimoja cha mwisho chini. Mashapo hayana madhara, yanakwaruza tu. Chupa ikifunguliwa inaweza kunuka ukali dakika za mwanzo. Iachwe saa moja au mbili ipate hewa, halafu ionjwe tena kabla ya kuirudisha dukani.